Neno la Rafiki Hufika Mahali Bango Lisipofika

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapisha hapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)



Wiki hii nilikusudia kuzungumza nanyi juu ya mahindi na mbegu mpya, kama nilivyoahidi. Lakini katikati ya wiki nimepokea barua ambayo imenifanya niyaweke mahindi kando kwa muda. Nasema kwa muda, maana mtaona kwamba yatarudi humu humu.

Barua imetoka kwa mama mmoja, muuguzi katika zahanati ya pwani. Jina lake na la zahanati yake nayahifadhi. Anasema kijana mmoja alifika kwake mara tatu katika mwezi mmoja. Mara ya kwanza alisema kichwa kinamuuma. Mara ya pili alisema hapati usingizi. Mara ya tatu, chumba kilipokuwa kitupu, alisema kilichomleta: alikuwa na kidonda sehemu ya haja kubwa, na alikipata kwa kulala na mwanamume mwenziwe. Yule mama alishtuka, akatoka nje kumwita mwenzake ili wasaidiane. Mwenzake alipoingia na kuelezwa, alicheka. Kijana alivaa viatu vyake akaondoka, wala hakurudi tena. Miezi imepita. Muuguzi yule anauliza: "Nilikosea wapi, na nifanye nini akija mwingine?"

Ndugu wasikilizaji, najua wapo ambao sasa hivi wamenyoosha mkono kutaka kuzima redio. Nawaomba wangoje kidogo. Leo sizungumzii sheria za nchi, wala sichukui nafasi ya shehe au padri. Kila mmoja anajua dini yake inasema nini, na sheria za Kenya na Tanzania juu ya jambo hili zinajulikana. Mimi nazungumzia maradhi, na maradhi hayaulizi dini ya mtu wala kabila lake kabla ya kuingia mwilini.

Wapo wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume wenzao. Wengine huwapenda wanaume tu, na wengine huwapenda wanaume na wanawake pia. Mitaani wana majina mengi, na mengi ni ya matusi. Sitayatumia. Wapo kila nchi, na walikuwapo Mombasa na Unguja kabla mimi na wewe hatujazaliwa.

Kwa nini wao wako katika hatari zaidi ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi? Sababu ya kwanza ni ya maumbile. Ukuta wa ndani wa njia ya haja kubwa ni mwembamba, hauna ute wa kutosha wa kuutelezesha, na huchanika kwa urahisi. Virusi hupita hapo kwa wepesi kuliko katika njia nyingine za kujamiiana. Mwanamke anayejamiiana kwa njia hiyo yumo katika hatari hiyo hiyo, na wapo wengi wanaodanganywa kwamba kwa huko hakuna mimba wala Ukimwi. Sababu ya pili haitokani na mwili. Inatokana na siri. Mtu anayefanya jambo kwa kujificha hulifanya haraka, gizani, bila kuuliza wala kujiandaa. Na wahenga walikwisha kusema: mficha maradhi, kifo kitamuumbua.

Sasa swali la muuguzi wetu ni hili: mtu wa namna hiyo anafikiwaje? Ili kulijibu, turudi nyuma kidogo.

Tarehe 5 Juni 1981, taarifa fupi ya idara ya afya ya Marekani ilieleza habari za vijana watano wa Los Angeles, wote wanaume waliofanya mapenzi na wanaume, waliopata homa ya mapafu ya aina isiyo ya kawaida. Hiyo ndiyo taarifa ya kwanza kuchapishwa juu ya maradhi ambayo baadaye dunia iliyaita Ukimwi. Hospitali hazikujua la kufanya. Serikali zilichelewa. Magazeti mengi yalikaa kimya au yalikejeli.

Waliotangulia kuchukua hatua walikuwa wagonjwa wenyewe na rafiki zao. Mwaka 1983, vijana wawili wa New York, Richard Berkowitz na Michael Callen, wakisaidiwa na daktari wao Joseph Sonnabend, walitoa kijitabu kidogo cha kuwashauri wenzao namna ya kujikinga wakati wa maradhi hayo. Wakati huo wanasayansi walikuwa bado wanabishana juu ya chanzo. Hata waandishi wa kijitabu hicho walikosea chanzo, maana hawakudhani kwamba ni kirusi kimoja. Lakini kinga waliipatia: waliwaambia wenzao watumie kondomu. Hawakuwaambia "acheni kupendana". Waliwaambia kwamba anayempenda mwenzake hamwachii maradhi. Callen alifariki kwa Ukimwi mwaka 1993, lakini ushauri ule ulikwisha kuenea.

Huko San Francisco, katikati ya miaka ya 1980, watu walikutana katika nyumba za watu binafsi, kikundi kidogo kidogo, wakakaa sebuleni na kuulizana kwa uwazi: wewe unafanyaje? Unajikinga vipi? Mazungumzo kama hayo, pamoja na hofu ya misiba iliyokuwa ikitokea kila wiki, yalibadili mwenendo wa watu wengi katika mji ule.

Lakini San Francisco ni mji mkubwa, na wenye mwenendo huo walikuwa wengi na wanajulikana. Je, katika mji mdogo, ambako kila mtu anamjua mwenziwe, ambako watu ni wa kanisani, na mwanamume wa namna hiyo hujificha kama yule kijana wa zahanati? Hapo ndipo nataka niwapeleke Biloxi.

Biloxi ni mji mdogo wa pwani katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanasaikolojia mmoja, Jeffrey Kelly, pamoja na wenzake, walitaka kujua kama mwenendo wa hatari unaweza kupunguzwa katika miji ya namna hiyo. Walichagua miji mitatu: Biloxi na Hattiesburg katika jimbo la Mississippi, na Monroe katika jimbo la jirani la Louisiana. Katika kila mji zilikuwapo baa ambamo wanaume hao walikutana. Watafiti waliwauliza wateja wote, kwa karatasi isiyoandikwa jina, wamefanya nini katika miezi miwili iliyopita. Kisha Biloxi walianzisha mpango wao, na miji mingine miwili wakaiacha kwanza ili wapate kulinganisha.

Mpango wenyewe ulikuwaje? Hawakubandika mabango ya kutisha yenye mafuvu. Hawakuleta daktari mwenye koti jeupe kuhutubia baa. Waliwaendea wahudumu wa baa, wale wanaomimina vinywaji, wakawaambia: "Tazameni kwa siku kadhaa, mtuandikie majina ya wale ambao wakiingia humu kila mtu huwasalimu, wale ambao wenzao huwaendea wakiwa na shida." Wahudumu wa baa huona kila kitu. Majina yaliyotajwa na wahudumu zaidi ya mmoja ndiyo yaliyochukuliwa.

Watu hao wenye kusikilizwa waliitwa, wakafundishwa kwa vipindi vichache, mara moja kwa wiki. Walifundishwa maradhi yanaambukizwa vipi na yanazuiwa vipi. Lakini zaidi walifundishwa kuzungumza. Waliambiwa wasihubiri. Waliambiwa wasiseme "wewe ufanye hivi", bali waseme "mimi siku hizi nafanya hivi, na sababu yangu ni hii". Walifanya mazoezi wao kwa wao mpaka maneno yakawatoka bila kigugumizi. Kisha kila mmoja aliahidi kuzungumza na idadi fulani ya wenzake. Walivaa beji kifuani yenye picha ya taa za barabarani, ile nyekundu, njano na kijani, na katika baa yalibandikwa mabango yenye taa hizo hizo bila maelezo. Mtu akiuliza, "Hiyo beji yako ni ya nini?", mazungumzo yameanza.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1991 katika jarida la afya ya jamii la Marekani. Kabla ya mpango, wanaume 36.9 kati ya kila 100 waliohojiwa Biloxi walikuwa wamejamiiana kwa njia ya haja kubwa bila kondomu katika miezi miwili. Baada ya mpango walikuwa 27.5. Yaani robo nzima ya mwenendo ule ilipungua, kwa maneno tu ya marafiki. Katika ile miji miwili ya kulinganisha hapakuwa na mabadiliko ya namna hiyo.

Na sasa, ndugu wasikilizaji, mahindi yanarudi.

Kelly hakuibuni njia hiyo kutoka hewani. Aliitoa shambani. Mwaka 1943, wataalamu wawili, Bryce Ryan na Neal Gross, walichapisha utafiti juu ya wakulima wa jimbo la Iowa na mbegu chotara ya mahindi. Mbegu ile ilikuwa bora, ilizaa zaidi, ilistahimili ukame. Hata hivyo wakulima wengi walikaa miaka mingi bila kuipanda. Walikuwa wamesikia habari zake kutoka kwa wauzaji waliopita mashambani. Lakini kusikia ni jambo moja, na kupanda ni jambo jingine. Kilichowafanya waipande kilikuwa jirani: mtu wanayemheshimu, ambaye shamba lake waliliona kwa macho yao. Nani kati yetu aliyelelewa kijijini asiyelijua hilo? Bwana shamba anaweza kuja mara kumi na pikipiki yake. Lakini mzee fulani akipanda mbegu mpya, mwaka unaofuata nusu ya kijiji imepanda.

Basi kondomu, kupima damu, na kupunguza idadi ya wapenzi, yote hayo husafiri kama mbegu.

Ningekoma hapo mazungumzo yangu yangekuwa matamu, lakini yangekuwa na upungufu. Njia ya Biloxi ilijaribiwa mahali pengine ikashindwa. Huko Uingereza, watafiti waliijaribu katika kumbi za mazoezi ya viungo za London na katika baa za Glasgow, na mwenendo wa hatari haukupungua kama walivyotarajia. Katika kumbi za London ilikuwa vigumu hata kuwapata wa kufundishwa, na waliofundishwa waliona tabu kuanzisha mazungumzo kama hayo mahali watu wanaponyanyua vyuma. Aidha, njia hiyo ilijaribiwa kwa upana katika nchi tano, yaani Uchina, India, Peru, Urusi na Zimbabwe, miongoni mwa watu wa makundi mbalimbali. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2010 yalionyesha kwamba hatari ilipungua kote, hata mahali ambapo njia hiyo haikutumika, kwa kuwa huko nako watu walipewa mafunzo, vipimo na matibabu.

Funzo ni nini? Nionavyo mimi, ni mambo mawili. La kwanza, rafiki husikilizwa pale ambapo kweli ni rafiki, mahali ambapo watu wana nafasi ya kuzungumza. Huwezi kumteua mtu kwa barua ukasema, "kuanzia leo wewe ni rafiki wa watu." La pili, neno la rafiki peke yake halitoshi. Rafiki akikwambia "kapime", lazima kuwe na mahali pa kupima ambapo hutachekwa.

Ndipo tunaporudi pwani yetu.

Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa damu uliofanywa Mombasa kwa wanaume wa kundi hili waliokuwa katika hatari kubwa. Miongoni mwa wale waliosema wanalala na wanaume tu, 43 kati ya kila 100 walikuwa na virusi. Miongoni mwa wale waliosema wanalala na wanaume na wanawake pia, walikuwa 12 kati ya 100. Mwaka huo huo, uchunguzi wa Unguja nao ulionyesha kiasi cha 12 kati ya 100, katika visiwa ambamo kwa watu wote kwa jumla hawafiki hata mmoja kati ya 100. Tuyatazame maneno haya: "na wanawake pia". Hao ni waume za watu. Ni wachumba za watu. Anayesema "hayo ni yao, yananihusu nini mimi?" na awaulize wake na mabinti zetu wanaopata habari ya damu yao kwa mara ya kwanza kwenye kliniki ya wajawazito.

Na tulifanya nini? Mwezi Februari 2010, huko Mtwapa, kaskazini ya Mombasa, umati ulikizunguka na kukishambulia kituo cha afya kilichokuwa kikiwahudumia watu hawa, pamoja na wengine. Mtu anayekimbizwa kliniki hapotezi maradhi yake njiani. Anakwenda nayo nyumbani.

Lakini pwani ile ile imetupa pia mfano mwema. Baada ya mkasa huo, watafiti wa Kilifi waliwaendea viongozi wa dini, wakakaa nao, wakasikilizana. Aidha, wauguzi na watumishi wengine wa afya wa mkoa wa pwani walipewa mafunzo mafupi juu ya namna ya kumpokea mwanamume wa aina hiyo, kumuuliza bila kumdhalilisha, na kumpima sehemu anayosema inauma. Walipoulizwa tena baada ya miezi mitatu, chuki yao ilikuwa imepungua na ujuzi wao umeongezeka. Hawakubadili dini zao. Walibadili namna ya kumtazama mgonjwa.

Sasa namjibu mama yangu muuguzi. Mama, hukukosea kwa kushtuka. Kushtuka ni kwa binadamu. Kosa lilikuwa kumwita mtu wa pili bila idhini ya mgonjwa. Akija mwingine, funga mlango, kaa chini, mwambie: "Ahsante kwa kuniambia." Maneno hayo tu yatambakiza kitini. Kisha mtazame kidonda, maana huenda ni kaswende, na kaswende inatibika. Mpime virusi vya Ukimwi. Muulize kama ana mke au mchumba, bila kumtisha, ili naye apate huduma.

Mweleze pia yale ambayo Callen na wenzake hawakuwa nayo. Kondomu bado ni silaha, lakini itumike na kilainishi cha maji. Mafuta ya nazi, mafuta ya mgando na losheni huiharibu kondomu ya mpira ikapasuka, na wengi hawalijui hilo. Mweleze kwamba ipo dawa ya kinga, iitwayo PrEP, kwa asiye na virusi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2010, uliofanywa kwa wanaume hao katika nchi sita, Afrika Kusini ikiwamo, ulionyesha kwamba maambukizo yalipungua kwa asilimia 44 kwa jumla, na kwa wale waliomeza vidonge kama walivyoagizwa, kinga ilikuwa kubwa zaidi sana. Kenya ilianza kuitoa dawa hiyo nchi nzima mwaka 2017. Na akikutwa na virusi, mwambie si mwisho wa dunia. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia wanaume 782 na wenzi wao. Katika kila jozi mmoja alikuwa na virusi lakini alimeza dawa mpaka virusi vikafubaa visionekane kwenye vipimo. Walijamiiana bila kondomu, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenziwe huyo. Dawa humlinda anayeimeza na humlinda anayempenda. Ila haizuii kaswende wala kisonono, ndiyo maana kondomu haijastaafu.

Mwisho, mama, muulize swali la Biloxi: "Miongoni mwenu, ni nani mnayemsikiliza?" Kwa maana yupo. Pengine ni fundi cherehani, pengine ni mpishi wa harusini, pengine ni mwalimu wa ngoma. Huyo ndiye bango lako. Mpe ukweli, mpe kondomu na vilainishi, na umwambie mlango wako uko wapi.

Kazi hiyo ni ya haraka kuliko zamani. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na vituo vingi vilivyowahudumia watu hawa katika Afrika Mashariki vilifunga milango au vilipunguza huduma. Zahanati ya kawaida, yenye muuguzi mmoja na benchi moja nje, imekuwa ndiyo tegemeo la kijana ambaye zamani alikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Na wewe kijana, kama unanisikiliza usiku huu na sauti ya redio umeipunguza ili walio chumba cha pili wasisikie: yule mama anakukumbuka. Ameniandikia kurasa mbili kwa ajili yako. Kidonda kile bado kina dawa. Rudi. Kama huwezi kurudi pale, nenda penginepo, lakini nenda wiki hii. Na ukishapona, mwambie rafiki yako mmoja.

Ndugu wasikilizaji, wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumzia mahindi kweli. Kwaherini.